Smuthi ya kefiri kwa wasiopenda maziwa machachu

Nyumbani kwangu hapa Morogoro kila mnywaji wa kefiri, maziwa machachu ya kuchachushwa kwa chembe maalumu, ana kilio chake. Mjukuu wangu wa miaka mitano akikuta bonge moja tu ulimini, kikombe anakisukuma mbali na siku hiyo ndiyo basi. Binti yangu ananusa kwanza. Harufu ikimfikia kabla ya ladha, haonji. Mama mkwe, ambaye meno yamemwishia na hamu ya kula imepungua, hataki kitu cha baridi. Mume wangu amekulia kwenye mtindi na ugali, kwa hiyo uchachu haumsumbui hata kidogo. Anachokataa ni maziwa matamu.

Ninawaeleza hawa kwa sababu watu wengi wakipata mgomo wa namna hii wanakimbilia kopo la sukari. Wanaongeza kijiko, halafu kingine, mpaka kinywaji kinakuwa soda yenye maziwa. Kabla hujagusa blenda, mjue mnywaji wako anakataa nini hasa. Uchachu, harufu, mabonge, nyuzi, rangi, baridi: kila kimoja kina dawa yake, na sukari si dawa ya hata kimoja kati ya hivyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari za kuongezwa, asali na juisi zikiwemo humo, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima. Mtoto mdogo anaifikia hesabu hiyo upesi sana kwa biskuti na chai peke yake.

Na uchachu, ambao ndio kilio kikubwa kuliko vyote, hautibiwi kwenye blenda. Unatibiwa kwenye chupa, siku moja kabla.

Kuchachua kwa upole

Kwa asiyeijua, kefiri ni maziwa yanayochachushwa kwa chembe maalumu zilizotoka kwa watu wa milima ya Kaukazi. Chembe hizo ni laini na nyeupe, zinashikana kama koliflawa ndogo, na ndani yake wanaishi pamoja bakteria wa maziwa na hamira. Sisi huku tuna ndugu zake: mtindi wetu, mala ya Kenya, mursik ya Wakalenjini inayokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, ikivuguto cha Rwanda. Kefiri inatofautiana nazo kwa zile chembe zinazochujwa na kutumika tena na tena, na kwa ile hamira inayoipa mchomo mdogo wa gesi. Chembe zinaongezeka zenyewe, ndiyo maana anayezifuga huwa na za kugawa. Muulize yeye kabla ya kununua. Ukizikosa, tumia mtindi mzuri usio na sukari na ufuate maelekezo yangu mengine yote, smuthi itatoka.

Maziwa yachemshwe. Hapa kwetu tunanunua ya ng'ombe wa wafugaji, yanaletwa asubuhi kwa pikipiki, na hata nikimwamini muuzaji vipi, siyatumii mabichi. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo, na uchachu wa kefiri si wa kutegemea uviue. Nayachemsha mpaka yanapanda, nayapoza mpaka nikishika sufuria sisikii joto lolote, ndipo natia chembe. Maziwa ya moto yanaziua.

Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chakula cha chembe kwa nusu lita ya maziwa, kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Juu nafunika kitambaa safi cha kanga kilichofungwa kwa mpira, na chupa inakaa kabatini mbali na jua. Hapo sasa ndipo pa kuwa makini. Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanasema saa 24, na yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwa joto la Morogoro mwezi Desemba, saa 24 zinakupa kitu kikali ambacho hakuna mtoto atakayekinywa. Mimi naanza kuangalia baada ya saa 10, na mara nyingi kwenye saa 12 au 14 imekuwa tayari. Mwezi Juni na Julai, upepo wa milima ya Uluguru ukishuka, inaweza kufika saa 20 na zaidi. Usiangalie saa, angalia chupa. Iinamishe kidogo: maziwa yakiwa yamekuwa mazito na yanaachia kioo kwa pamoja badala ya kumwagika kama maji, chuja wakati huohuo. Ukiona yamejitenga, mabonge juu na maji ya kijani-njano chini, yamepitiliza. Hayo bado ni mazuri kwa kukandia unga wa chapati, na mume wangu anayanywa hivyohivyo, lakini kwa mnywaji mgumu usiyatumie.

Kuna mambo mengine yanayoongeza upole. Punguza chembe au ongeza maziwa: kijiko kilekile kwa robo tatu ya lita kinachachua taratibu na ladha inakuwa nyepesi. Tumia maziwa yenye mafuta yake yote, kwa sababu mafuta yanatuliza ukali ulimini. Na ukishachuja, weka kefiri kwenye friji usiku kucha pamoja na kipande chembamba cha ganda la chungwa, ile rangi ya juu tu bila nyama nyeupe yenye uchungu. Asubuhi litoe. Harufu ya hamira inakuwa imefunikwa na harufu ya chungwa, na kwa binti yangu hilo peke yake lilimaliza nusu ya ugomvi.

Kuchuja, tumia chujio la plastiki au la chuma kisichoshika kutu na ukoroge polepole kwa mwiko. Sufuria za alumini uziepushe na kitu chachu. Chembe zilizobaki ziingie moja kwa moja kwenye maziwa mapya.

Watu wa kuwa nao makini

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi kefiri kama kinywaji, na hapewi asali kabisa, hata tone, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha sumu ya botulini kwa mtoto mchanga. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hafai kuipata. Anayeumwa tumbo kwa maziwa ya kawaida mara nyingi huivumilia kefiri vizuri zaidi kwa kuwa bakteria wamekwishakula sehemu ya sukari ya maziwa, lakini aanze na vijiko viwili vitatu. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano aliye kwenye matibabu ya saratani, amuulize daktari wake kwanza.

Jambo jingine linaloulizwa sana: hamira ya kefiri huzalisha kileo kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na kinazidi kadiri unavyoiacha muda mrefu na chupa ikiwa imefungwa kabisa. Jirani yangu Mwislamu hataki shaka yoyote, kwa hiyo anatumia mtindi wa nyumbani katika mapishi haya yote, na smuthi zake ni tamu sawa na zangu.

Pia usimpe mtu smuthi ya maziwa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, au kwenye mlo wa maharage na mboga za majani unaoutegemea umpe chuma. Kalsiamu ya maziwa inazuia chuma kufyonzwa. Hapa kwangu smuthi ni ya saa kumi jioni, mbali na chakula cha mchana na cha usiku.

Matunda na hasira zake

Tunda linaloaminika kuliko yote ni ndizi mbivu. Ndizi sukari zilizoanza kupata madoa meusi kwenye ganda ndizo tamu zaidi, na mara nyingi zinauzwa kwa bei ndogo jioni kwa kuwa muuzaji anaogopa kulala nazo. Nazimenya, nazikata vipande, nazigandisha kwenye bakuli lenye mfuniko. Ndizi iliyoganda inafanya kazi tatu kwa pamoja: inatia utamu, inafanya smuthi iwe nzito na laini bila barafu ya kuizimua, na ubaridi wake unapunguza makali ya uchachu na harufu. Kwa mtoto anayeanza, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapa.

Embe linafuata, lakini chagua aina. Embe zenye nyuzi nyingi ni nzuri za kunyonya. Ukizisaga, nyuzi zinabaki na kumkaba mtoto kooni, naye hasahau. Tafuta dodo au boribo lililoiva sawasawa. Msimu ukiisha nakuwa nimekwishagandisha vipande vya kutosha.

Pasheni ina harufu nzuri ajabu, ila mbegu zake zikisagwa zinageuka mchanga mweusi wenye uchungu. Ikamue kwenye chujio kwanza, kisha tia maji yake tu.

Sasa nanasi, papai na tangawizi mbichi. Hivi vitatu vina vimeng'enya vinavyokatakata protini ya maziwa, na kadiri smuthi inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa chungu. Utaionja ikitoka kwenye blenda, ni tamu. Mtoto akirudi kutoka kucheza, ni dawa ya malaria. Ukitaka kutumia nanasi, likate vipande vidogo, lichemshe dakika chache na kijiti cha mdalasini, lipoe kabisa, ndipo uliingize. Moto unaviharibu vile vimeng'enya na uchungu hautokei tena. Papai linywewe palepale, na liwe limeiva hasa. Tangawizi ichemshwe kwenye maji kidogo, utumie yale maji yakishapoa.

Kuhusu mboga, mimi si mtu wa kuficha mchicha kwa siri. Mtoto akigundua amedanganywa, anakichunguza kila kikombe utakachompa baadaye. Nikitia mboga, namwonyesha. Karoti iliyochemshwa ikalainika haigombani na mtu. Bitiruti, kipande kidogo kama kidole gumba, kilichochemshwa, kinatoa rangi ya waridi ambayo mjukuu wangu anaiomba mwenyewe. Lakini usichanganye bitiruti na majani ya kijani kwenye kikombe kimoja: rangi inakuwa ya matope, na hapo hata mtu mzima anasita.

Mapishi manne, kwa watu wanne

Ya mjukuu: kikombe kimoja cha kefiri, ndizi sukari mbili zilizoganda, kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga isiyo na sukari, na uji wa ulezi uliopoa, vijiko vinne. Huo uji ndio siri ya unene wake. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, na ukipikwa ukapoa unashika kefiri isijitenge. Usitie unga mbichi, mpaka upikwe. Siagi ya karanga inaongeza mafuta na protini, na harufu yake ya kukaangwa inafunika uchachu vizuri kuliko matunda yote. Kwa mtoto ambaye hajawahi kula karanga, mpe kidogo sana mara ya kwanza na umwangalie.

Ya binti: embe boribo moja, kiazi lishe cha rangi ya chungwa kilichochemshwa kikapoa, nusu ya ukubwa wa ngumi, kikombe kimoja cha kefiri iliyolala na ganda la chungwa, na iliki mbili zilizotwangwa laini. Iliki inapanda puani kabla ya maziwa. Viazi hivi vina vitamini A kwa wingi, ndiyo maana Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 ilikwenda kwa wanasayansi walioviboresha na kuvieneza Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda. Utamu wake ni wa taratibu, na smuthi inakuwa laini kama kastadi. Mnywaji anayesumbuliwa na harufu mpe kwenye chupa yenye mfuniko na mrija, pua isikutane na kinywaji.

Ya mama mkwe: parachichi nusu lililoiva, tende tatu zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kutolewa kokwa, na kikombe cha kefiri iliyotolewa friji mapema ikapoteza baridi. Mtu mzee anayekula kidogo anahitaji kila funda liwe na nguvu, na parachichi linampa mafuta mazuri bila kazi ya kutafuna. Usijaribu kuipasha moto kefiri ili kumwondolea baridi. Moto unawaua wale bakteria hai tunaowahangaikia. Iache tu mezani. Mama hapendi kuwekewa glasi kubwa, anasema inamchosha kwa macho, kwa hiyo namletea kikombe cha kahawa, akimaliza namwuliza, "Mama, nikuongeze?" Mara nyingi anaongezwa.

Ya mume wangu: kikombe na nusu cha kefiri, tango dogo lililomenywa na kutolewa mbegu, chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, binzari nyembamba iliyokaangwa kavu ikatwangwa, na majani matano ya nanaa. Hii haina tunda hata moja. Inafaa sana kwa mwanamume anayerudi kutoka shambani kwenye jua, na inawafaa pia wenye kisukari ambao matunda yaliyosagwa wanapaswa kuyapima. Mwenye shinikizo la damu aache chumvi.

Kusaga

Saga matunda, uji au viazi kwanza, pamoja na kefiri kidogo sana ya kuyalainisha, mpaka usione hata kipande. Kefiri iliyobaki itie mwishoni na uzungushe sekunde chache tu. Ukiisaga kefiri kwa muda mrefu inakuwa nyepesi kama maji na kujaa povu, halafu utasema tunda halikutosha. Kwa mnywaji anayekataa mabonge, pitisha kwenye chujio kabla ya kumimina. Ni dakika moja ya kazi, lakini ndiyo inayoamua.

Umeme ukikatika, usiiache siku ipite. Ponda ndizi mbivu sana au parachichi kwa uma kwenye bakuli, tia kefiri, kisha pekecha kwa upekecho kama unavyopekecha mlenda. Au weka vyote kwenye chupa yenye mfuniko na umpe mtoto aitikise. Nimegundua kwamba mtoto aliyetikisa mwenyewe anakunywa bila kubembelezwa.

Ukimwanzishia mtu ambaye hajawahi kuizoea, changanya nusu kefiri na nusu maziwa ya kawaida yaliyochemshwa na kupoa. Wiki inayofuata punguza maziwa, ongeza kefiri. Wataalamu wa lishe ya watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali, kwa hiyo kikombe kilichokataliwa leo hakina maana ya kukata tamaa. Mpe kidogo, funda mbili tatu kwenye kikombe alichokichagua mwenyewe. Asipotaka, toa bila maneno. Kumlazimisha kunaifanya kefiri iwe adhabu, na adhabu hainyweki. Na asiambiwe "kunywa, ni dawa." Watoto wetu wanazijua dawa.

Smuthi inayobaki isikae zaidi ya kesho yake kwenye friji, na kabla ya kunywa uitikise. Ile ya embe na ya ndizi ninaimimina kwenye vikombe vidogo, nachomeka kijiti katikati, nagandisha. Watoto wa jirani wanaijua kama barafu ya embe tu, na mjukuu wangu, ambaye siku nyingine hukataa kikombe, hajawahi kuikataa hiyo. Tumia kefiri changa kabisa kwa barafu hizi, iliyochujwa mara tu ilipoanza kuwa nzito, na uitie tunda zaidi kidogo kuliko kawaida, maana kitu kikiganda utamu wake unapungua ulimini.